Utumbo Ukifunga, Siyo Kila Mara Kisu

Nilikuwa nimepanga tuongelee mambo ya fungate, wapi pa kwenda na kiasi gani cha kutumia, lakini shoga yangu mmoja kanibadilishia mada. Fungate itasubiri. Mwezi huu tunaongelea tumbo. Ndiyo, tumbo! Ukifika mwisho utaona kwa nini mada hii imeingia kwenye ukurasa wa wapendanao.

Shoga yangu huyu ana watoto wawili, wote alijifungua kwa operesheni. Jumamosi moja tulikuwa wote kwenye kicheni pati, tukala pilau, tukacheza, kila mtu akarudi kwake. Saa 8 usiku simu yangu ikaita. Kucheki, ni mumewe.

"Shem, samahani kwa kukukatisha usingizi. Mwenzangu tumbo linamkata, linaachia, linamkata tena. Katapika mara nne. Nimempa chumvi ya haluli asafishe tumbo, ndo kwanza kazidi. Tufanyeje?"

Nikamuuliza swali ambalo muuguzi mmoja alinifundisha zamani: "Amejamba?"

Kimya. Shemeji yangu ni mtu wa ofisini, tai kila siku, halafu mimi ni shemeji yake. Akakohoa kidogo. "Sijui, shem. Hayo mambo hatuulizanagi."

"Basi leo muulize."

Nikasikia wakinong'onezana. Akarudi kwenye simu. "Anasema tangu mchana hakuna kitu. Siyo hewa, siyo choo. Na tumbo limejaa kama ngoma."

"Washa gari, mpeleke hospitali sasa hivi. Na usimpe kitu kingine chochote mdomoni, hata maji."

Siku ya tano shoga yangu alirudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, bila mshono hata mmoja mpya. Ila siku zile ziliwatikisa wote wawili kuliko misukosuko yote waliyopitia tangu waoane. Mimi nilikuwa nakwenda na kurudi, nikamuuliza daktari wake maswali mpaka akanizoea, na nikajisomea mengine. Nikaona si haki kubaki nayo peke yangu.

HUKO NDANI KUNA NINI?

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa wastani wa mita 6, umekunjwakunjwa humo tumboni kama mpira wa kumwagilia bustani. Kila siku mwili unamimina humo majimaji ya kusaga chakula: mate, maji ya mfuko wa chakula, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Kwa siku moja ni kama lita 7 hadi 9, hata kama siku hiyo hujala kitu. Kwa kawaida karibu yote yananyonywa tena na kurudi kwenye damu, wala hujui kama yalikuwepo.

Sasa fikiria lori limeharibika katikati ya barabara yenye njia moja. Magari yanarundikana nyuma yake. Utumbo ukiziba ndo inavyokuwa. Majimaji na hewa vinajaa nyuma ya pale palipoziba, tumbo linavimba. Utumbo nao haukati tamaa, unajikaza kusukuma, unapumzika, unajikaza tena. Ndiyo yale maumivu ya kukata na kuachia. Vikikosa pa kwenda chini, vinarudi juu. Mtu anatapika chakula, kisha maji ya kijani ya nyongo, na akicheleweshwa, vitu vyenye harufu ya choo.

Na lita zote hizo zikishanaswa kwenye utumbo au kutapikwa, mwili unabaki mkavu. Mdomo unakauka, mkojo unapungua, chumvichumvi za kwenye damu, hasa potasiamu, zinashuka. Potasiamu ikishuka utumbo unazidi kuwa mvivu. Kwa hiyo tatizo linajilisha lenyewe.

Kinachoziba ni nini? Kwa mtu aliyewahi kupasuliwa tumbo, mtuhumiwa wa kwanza ni makovu ya ndani. Kovu la nje unaliona kwenye kioo, lakini na ndani nako mwili unajitibu kwa kutengeneza nyuzinyuzi zinazoweza kuushikiza utumbo kwenye ukuta wa tumbo, au kipande kimoja cha utumbo na kingine. Operesheni ya uzazi, ya kidole tumbo, ya kutoa uvimbe kwenye kizazi, zote zinaweza kuacha nyuzi hizo. Watu wengi wanaishi nazo maisha yao yote bila shida. Kwa wengine siku moja utumbo unajipinda kwenye uzi huo na kunasa. Inaweza kuwa miezi michache baada ya operesheni, inaweza kuwa miaka 20.

Sababu nyingine zipo: ngiri iliyonasa, utumbo kujisokota, uvimbe, kifua kikuu cha tumbo, na kwa watoto wadogo hata fundo la minyoo. Ndiyo maana daktari hakisii. Shoga yangu alipofika alikaguliwa mpaka kwenye kinena kutafuta ngiri, akapimwa damu, akapimwa mimba, maana mwanamke wa umri wake anayetapika lazima apimwe kabla ya mionzi. Akapigwa eksirei, kisha siti skani. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachoonyesha vizuri zaidi palipoziba, na kama damu bado inafika kwenye utumbo. Jibu lilikuwa kwamba utumbo mwembamba umeziba kwa makovu ya zamani, ila uko hai, haujanyongwa.

"SHEM, HAWAMFANYI KITU!"

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta shemeji kwenye korido, macho mekundu, shati la jana. Nikampa pole. Akanivuta pembeni. "Shem, hawamfanyi kitu! Wamemwekea mpira puani na dripu, basi. Daktari anasema tunasubiri. Unasubirije mtu anaumia namna hii? Si bora wampasue tujue moja?"

Wapenzi, hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani tiba ni kisu au kidonge, na kusubiri ni kutelekezwa. Kwa utumbo ulioziba kwa makovu na haujanyongwa, kusubiri kwa utaratibu ni tiba kamili. Tena ina historia yake.

Zamani madaktari wa upasuaji walifundishana kwamba jua lisichomoze wala lisizame kabla utumbo ulioziba haujafunguliwa kwa kisu. Walikuwa na sababu, hawakuwa na njia ya kujua nani utumbo wake unakufa na nani anaweza kungoja. Mwaka 1921 daktari Abraham Levin wa New Orleans, Marekani, alieleza mpira laini wa kupitisha puani mpaka kwenye mfuko wa chakula. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 daktari mwingine Mmarekani, Owen Wangensteen wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akaonyesha kwamba ukiunganisha mpira wa namna hiyo na mtambo wa kunyonya, hewa na maji vikatolewa, baadhi ya tumbo zilizoziba zinafunguka zenyewe. Karibu miaka 100 baadaye bado tunatumia wazo lilelile.

Leo, kwa wagonjwa walioziba kwa makovu na hawana dalili za hatari, kati ya watu 10, 7 hadi 9 wanafunguka bila kupasuliwa. Na kuna faida kubwa ya kutokimbilia kisu: kila operesheni ya tumbo inaweza kuacha makovu mapya. Yaani unaweza kufungua fundo la leo huku unafunga la kesho.

Tiba yenyewe ina nguzo nne. Nilimhesabia shemeji kwa vidole.

Kwanza, mdomo unafungwa. Hakuna chakula, hakuna kinywaji. Barabara imefungwa, usiongeze magari.

Pili, mpira wa puani. Unapita kooni mpaka kwenye mfuko wa chakula na kutoa hewa na maji yaliyorundikana. Presha ikishuka, kichefuchefu kinapungua, na utumbo uliovimba unapata nafasi ya kujinasua. Sitakudanganya, kuwekewa si raha. Shoga yangu alisema ni dakika chache mbaya sana, machozi yanatoka yenyewe. Lakini lita moja na nusu ya maji ya kijani ilitoka, na kwa mara ya kwanza tangu usiku akapata usingizi.

Tatu, dripu. Siyo "maji tu". Ni maji yenye chumvi na potasiamu kulingana na vipimo vya damu, kufidia kilichopotea na kinachoendelea kutoka kwenye mpira. Ndiyo maana wanapima kila kinachoingia na kila kinachotoka, mkojo ukiwemo. Mtu wa kilo 60 anatakiwa kupata mkojo usiopungua kama mililita 30 kila saa. Ukipungua, maji hayajatosha au kuna tatizo.

Nne, macho. Daktari yuleyule au timu ileile inamrudia, inamshika tumbo, inahesabu mapigo ya moyo, inapima joto, inarudia damu. Hii ndiyo nguzo inayotenganisha kusubiri na kutelekeza. Kama hakuna anayerudi kumshika tumbo, hiyo siyo tiba ya bila kisu. Una haki ya kuuliza: "Daktari, mara ya mwisho ameangaliwa saa ngapi, na nani?"

Na hapo unaona kwa nini tiba hii haifanyiki sebuleni. "Bila upasuaji" haina maana ya "bila hospitali". Chumvi ya haluli, dawa za kuharisha, mafuta ya nyonyo, kupigwa bomba la maji ya sabuni, kukandwa tumbo na bibi mtaalamu, vyote hivi kwenye utumbo ulioziba vinaweza kuongeza presha, maumivu na hata kupasua. Shemeji hakujua. Alimpa kwa mapenzi. Ila sasa anajua, na wewe umeshajua.

MAMA MKWE NA UJI WA LISHE

Jumatatu mchana mama mkwe akafika kutoka Morogoro. Shikamoo zikaitikiwa, kisha kikapu kikafunguliwa: uji wa lishe, mzito, wa moto, kwenye chupa ya chai. "Mwanangu hajala siku mbili! Mnataka afe kwa njaa? Sogeeni huko."

Shoga yangu, mpira puani, akamwangalia mumewe. Hakusema neno. Wanawake walioolewa mnayajua macho yale. Yalikuwa yanasema: mama ni wako, hili ni lako.

Na hapa, wapenzi, nampa shemeji maksi zote. Alimshika mama yake mkono, akamkalisha kwenye benchi la korido. "Mama, uji huu ni dawa siku nyingine yoyote. Leo njia imeziba, ukiingia utarudi juu, unaweza kuingia kwenye mapafu akapaliwa. Anakula kwa mshipa kwanza. Uji wako ndio utakuwa chakula chake cha kwanza nyumbani, nakuahidi." Mama alinuna kama nusu saa, kisha akaenda kumpaka mkwewe mafuta ya nazi miguuni. Amani ikarudi.

Kiukweli dripu za kawaida si chakula kamili, lakini mtu mzima aliyekuwa na afya anaweza kuvumilia siku chache hizo. Anachoteseka nacho zaidi ni mdomo mkavu. Mwulize muuguzi kama anaweza kusukutua na kutema, kupangusiwa midomo kwa pamba yenye maji, kupakwa mafuta ya midomo. Vitu vidogo hivi, vikifanywa na mkono wa mwenza wako, vina utamu kuliko maua.

Siku hiyohiyo daktari akaleta hatua nyingine, ambayo si kila hospitali inayo: dawa ya kuonekana kwenye eksirei inayoitwa Gastrografin. Wakishatoa maji yote tumboni, wanaipitisha kwenye mpira, kama mililita 100, wanaubana mpira kwa muda, kisha wanapiga picha baadaye ndani ya saa 24. Dawa ikionekana imefika kwenye utumbo mpana, ni dalili nzuri sana kwamba njia inafunguka. Isipofika, uwezekano wa kuhitaji kisu unapanda, na ni bora kujua mapema. Pia ina tabia ya kuvuta maji kuingia ndani ya utumbo, na tafiti zimeonyesha inapunguza siku za kulala hospitali. Lakini isikupe wazo la kununua kitu cha kunywa mtaani. Ni kazi ya hospitali hiyo, na tumbo lazima litolewe maji kwanza ili mtu asipaliwe.

KUSUBIRI KUNA MPAKA

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo roho ya mtu ilipo. Kusubiri kunakubalika kwa mtu ambaye utumbo wake uko hai. Utumbo ukinyongwa, damu haifiki, na ndani ya saa chache unaweza kuoza na kutoboka. Huyo hasubiri chochote, anapelekwa chumba cha upasuaji. Ngiri iliyonasa na kuuma haisubiri. Utumbo mwembamba uliojisokota hausubiri.

Na hata aliyeanza kwenye kundi la kusubiri anaweza kuhamia kundi la kisu usiku wa manane. Mwenza unayelala kwenye kiti pembeni yake, wewe unamjua kuliko mtu yeyote humo wodini. Mwite muuguzi mara moja, usione haya, ukiona haya:

- Maumivu yaliyokuwa yanakata na kuachia sasa hayaachii, yanabaki palepale na yanazidi.
- Tumbo limekuwa gumu kama ubao, hataki liguswe hata na shuka.
- Homa inapanda, au mapigo ya moyo yanakwenda mbio, zaidi ya 100 kwa dakika, akiwa amelala tu.
- Mkojo umepungua sana au umegeuka rangi ya chai ya rangi.
- Anatapika damu, au choo kina damu.
- Anachanganyikiwa, jasho jembamba linamtoka, mikono imekuwa ya baridi.

Hizo ni dalili za kubadili mpango. Na hata kama hakuna hata moja, saa nazo zina mwisho. Mwongozo wa Bologna wa Chama cha Dunia cha Upasuaji wa Dharura, uliotolewa upya mwaka 2018, unaona saa 72 ni muda salama wa kujaribu bila kisu. Zikiisha na njia bado imeziba, mazungumzo ya upasuaji yanaanza kwa uzito.

Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa, kabla hofu haijawazidi, muulizeni daktari maswali matatu mkiwa wote wawili. Tunasubiri mpaka lini? Kitu gani kikitokea tunaacha kusubiri? Na ikifika hapo, daktari wa upasuaji na chumba vipo hapahapa au tunahamishwa? Hilo la tatu ni muhimu sana kwa mlioko mikoani. Bora kuhama mchana mgonjwa akiwa imara kuliko saa 9 usiku mkitafuta gari.

Mkubaliane pia nani atasaini karatasi za ridhaa ikitokea mgonjwa hawezi kusaini, nani atakaa na watoto, kadi ya bima iko droo gani. Tunapangaga harusi kwa vikao vya miezi sita, lakini siku kama hii hatujaipangia hata dakika tano.

Na wewe unayesema "si bora wampasue tu", na wewe unayesema "hapasuliwi mke wangu hata iweje", wote mnakosea. Kisu kikiitwa kwa wakati wake kinaokoa maisha. Kukataa wakati utumbo unakufa si mapenzi hata kidogo.

HABARI NJEMA ILIYONUKA

Jumatatu usiku picha ikaonyesha dawa imefika utumbo mpana. Jumanne alfajiri, saa 11 na kitu, simu yangu ikaita tena. Moyo ukapiga paa! Nikapokea. Upande wa pili shemeji yangu, mtu wa tai, mtu wa heshima zake, anapiga kelele kwenye korido ya hospitali:

"Shem! Amejamba! Shem, amejamba mara mbili!"

Nilicheka mpaka nikalia. Yeye naye alikuwa analia, nilimsikia.

Hewa ikipita, maumivu yakiisha, tumbo likilegea na maji ya kwenye mpira yakipungua, hapo ndipo mpira unaweza kutolewa. Chakula hakirudi kwa pupa. Vijiko vya maji kwanza, kisha chai isiyo na mazito na supu iliyochujwa, kisha uji mwepesi na vitu laini. Tumbo likikataa, mnarudi hatua moja nyuma. Shoga yangu aliruhusiwa Jumatano. Na ndiyo, chakula chake cha kwanza nyumbani kilikuwa uji wa mama mkwe, ila mwepesi, uliochujwa.

MKISHARUDI NYUMBANI

Wiki za mwanzo, kula kidogokidogo mara nyingi, tafuna sana, kunywa maji. Punguza kwa muda vitu vya nyuzinyuzi ngumu: muwa, nyuzi za embe, maganda ya machungwa, mahindi ya kuchoma, makande, nyama ya mishipa. Wali laini, viazi, ndizi zilizoiva, samaki, mayai vinakubalika. Halafu rudisha vingine taratibu kwa ushauri wa daktari, usijifungie maisha yako yote kwa hofu.

Kina dada mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, hili mara nyingi linasahaulika! Siku za kutapika na kutokula ni sawa na siku ambazo hukumeza. Ukianza tena vidonge vile vya kila siku vya homoni mbili, tumieni kondomu mpaka umemeza siku 7 mfululizo. Usije ukatoka wodini ukaingia kliniki.

Na tendo la ndoa? Najua mnaona haya kuuliza, lakini wengi mngependa kujua. Hakuna mshono mpya wa kusubiri upone, kwa hiyo ni nguvu na hamu yake tu vinavyoamua. Mwenza uwe mpole, mwenzako ametoka kwenye vita.

Jueni pia kwamba makovu hayajaondoka. Kati ya waliofunguka bila kisu, kama 12 katika kila 100 wanarudi hospitali na tatizo hilohilo ndani ya mwaka 1, na kama 20 ndani ya miaka 5. Waliopasuliwa nao wanarudi, ila pungufu kidogo. Kwa hiyo wekeni picha na karatasi zote kwenye bahasha moja. Kila unapokwenda hospitali na tumbo, taja operesheni zote ulizowahi kufanyiwa. Na siku tumbo likianza kukata na kuachia, unatapika, limejaa, hewa haipiti, hakuna kujaribu dawa ya duka. Mnaijua njia ya hospitali.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kuwaona. Tumekaa sebuleni, shoga yangu kwenye kochi, mumewe anamenya viazi jikoni huku mlango uko wazi. Mara akachungulia, mwiko mkononi. "Mama watoto, leo hewa imepita?" Bila aibu, mbele yangu!

Shoga yangu akajifunika uso na kanga. "Imepita, baba. Rudi jikoni."

Wiki moja kabla, hayo mambo walikuwa hawaulizani. Angeuliza saa 2 usiku badala ya saa 8, chumvi ya haluli isingeguswa na wangekuwa wameshafika hospitali. Basi usiku wa leo mkiwa wawili, anza wewe. Mwulize mwenzako amewahi kupasuliwa wapi na lini, tumbo lake likoje, na akiumwa usiku angependa ufanye nini. Kama mtacheka, chekeni, ila msilale hamjajibu.

Tukutane mwezi ujao panapo majaliwa. Na fungate sijaisahau!